Ziwa haina mistari: tunataka GPS mu kila boti, lakini musitudanganye nayo

Wananchi wenzetu wa Goma, Minova, Kalehe, Idjwi na Bukavu,
Makapiteni, wenye maboti na wakubwa wa bandari,

Kila mara boti inazama, hotuba zinapanda. Wakubwa wanakuja kulia na familia, wanaahidi hatua kali, wanarudi. Kiisha wiki mbili boti ingine inajazwa mpaka maji inakaribia ubao wa juu. Sasa hotuba zimepata neno mupya: teknolojia. Eti tableti moja mbele ya kapiteni itamaliza vifo. Upande wa pili, wazee wa maji wanasema tableti ni mchezo wa watoto. Sisi tunasema wote wawili wanakosea, na wenye kulipa makosa yao ni abiria.

Tuanze na ukweli unaouma. Tarehe 3 mwezi wa 10 mwaka 2024, boti Merdi ilitoka Minova ikapinduka karibu na bandari ya Kituku, hapa Goma, watu wakiiangalia kutoka pwani. Gavana wa Sud-Kivu alisema ndani mulikuwa watu 278. Nafasi yake ilikuwa ya watu 80 hivi. Merdi haikupoteza njia! Goma ilikuwa inaonekana kwa macho. Hakuna tableti duniani inayohesabu abiria na kusema "wewe, shuka". Ile ni kazi ya mtu mwenye kazi na mshahara pale bandarini. Na wale abiria walijaa mu maji juu vita ilikuwa imefunga barabara ya Minova. Kwa hiyo mwenye kujibu kifo cha Merdi kwa kuonyesha tableti, anajificha nyuma ya kioo.

Lakini si kila mtu anakufa mchana mbele ya bandari. Muulize wavuvi wa sambaza na wenye kubeba ndizi kutoka Idjwi. Usiku kapiteni anafwata taa za mji, na siku Nyiragongo anawaka, anafwata ule mwekundu mu mawingu. Mvua ikishuka, taa zinazimika zote kwa macho yake. Anabaki na giza, upepo na kukisia. Hapo tableti yenye GPS iko na maana kubwa, na haiombi muujiza.

Wengi wanafikiri GPS inakula megabaiti. Hapana. GPS inapokea tu ishara kutoka satelaiti, haiombi mtandao wala kadi ya SIM. Ukishusha ramani mbele ukiwa mjini, ukiwa katikati ya ziwa bila réseau hata kidogo, utaona umefika wapi, na mara nyingi kosa ni la mita chache tu. Unaweza kuhifadhi njia ya mchana uliyopita salama, na usiku ukairudilia mstari kwa mstari. Lakini angalia mbele ya kununua: tableti nyingi za Wi-Fi tupu hazina GPS ndani. Muuzaji hatakuambia. Fungua programu ya ramani nje, chini ya mbingu, internet ikiwa imezimwa, uone kama inakuonyesha mahali uko. Isipokuonyesha, mrudishie.

Kuna tena jambo la mpaka. Ziwa haina mistari, lakini soldat wa ng'ambo anaujua mstari wake. Wavuvi wetu wanakamatwa kila mara mu Kivu upande wa Rwanda, na mu ziwa Edward upande wa Uganda, wavu na motere vinabaki kule. Mvuvi anasema "sikuvuka", hana cha kuonyesha. Tableti ingemwambia mbele kwamba anakaribia. Na ile njia iliyoandikwa ndani ingekuwa walau neno moja la kujitetea. Hatusemi mstari wa programu ni sheria. Unaweza kukosea, kwa hiyo mtu akae mbali nao.

Sasa turudi kwako, papa kapiteni unayesema umevuka miaka 30 bila mashini. Tunakuheshimu. Ni wewe unajua jiwe liko wapi chini ya maji, wapi upepo unageuka. Njo maana tunataka ile akili yako iingie mu ramani mbele haijazikwa pamoja na wewe. Ramani nyingi za simu zinaonyesha ziwa letu kama blanketi ya rangi ya bluu: hakuna kina, hakuna mawe. Kijana anayeamini ile bluu peke yake atapanda juu ya jiwe akiwa na GPS mkononi. Tableti inasema uko wapi. Haisemi nini iko mbele yako, wala mtumbwi wa sambaza ambao taa yake imezimika.

Na mashini inakufa. Kioo kikishika matone ya mvua, vidole havisikilizwi. Jua likiwa kali, inajizima yenyewe. Kwa hiyo: mfuko usioingiza maji, chaja ya batri ya boti, telefone ya pili yenye ramani ile ile, na dira ya sumaku, ile isiyoomba moto. Tena mtu wa kuangalia mbele kwa macho. Kapiteni anayeangalia kioo tu ni kipofu mwenye tableti.

Wenye maboti wanasema ni bei. Tableti ya mitumba ni bei ya nini pembeni ya motere? Munalipa motere kwa sababu bila hiyo hamupati pesa. Uhai wa abiria hauwaletei pesa, ndiyo sababu unangoja.

Na Leta? Mwezi wa 4 mwaka 2019, boti ilizama mu hili ziwa, Rais Tshisekedi akasema watu 150 wamekosekana, na jile zikatangazwa kuwa lazima. Leo shuka bandarini, hesabu jile, hesabu watu. Sheria bila mtu wa kuisimamia ni karatasi iliyolowana. GPS ya lazima bila usimamizi itakuwa taksi ingine ya kulipa pale getini, basi.

Kwa hiyo tunadai:

1. Abiria wahesabiwe kwa majina mbele boti haijatoka, na mkubwa wa bandari aweke sahihi yake. Ikizama na watu wa kupita kiasi, yeye ajibu mbele ya sheria.
2. Kila boti ya abiria iwe na GPS yenye njia iliyohifadhiwa, dira na jile kwa kila mtu, bila taksi mupya.
3. Ramani ya kina na mawe ya ziwa iwekwe wazi, bure, mu telefone ya kila mtu.
4. Kazi ya kuipima wapewe vijana wa hapa pamoja na makapiteni. Mimi ninayeandika niko na diplome ya jeografia mu sanduku na sina kazi, na tuko wengi. Kamba, jiwe na GPS tunajua kuvitumia.

Nawe abiria: ukiona boti imejaa, usipande, na uwaambie wenzako wasipande. Usingoje tableti ikuambie.

Uhai wetu si mzigo wa kupakia juu ya mwingine.