Ualbino, Ndoa na Hesabu ya Urithi
Mtu mwenye ualbino atakapo kuoa au kuolewa, iwe Misugusugu au kwingineko nchini, huweza kuonywa kwamba atazaa watoto wa hali yake tu. Onyo hilo halina msingi. Ualbino hauzuii mimba, na urithi wake una hesabu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1995 ulionyesha kwamba kwa Watanzania wengi wenye ualbino, chanzo ni kupotea kwa kipande cha jeni iitwayo OCA2.

Kila binadamu ana nakala mbili za jeni hiyo, moja ya baba na moja ya mama. Mwenye ualbino wa aina hii ana kasoro katika zote mbili. Akizaa na asiye na kasoro, watoto wote huwa na rangi ya kawaida. Akizaa na mbebaji wa nakala moja, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 2 ya ualbino. Wabebaji wawili wana nafasi 1 kati ya 4.

Kwa hiyo kumlaumu mama peke yake ni kosa la hesabu kabla ya kuwa kosa la utu. Walimu wafundishao njegere za Mendel hawana budi kuuweka ubaoni mfano huu pia. Wazazi nao wahitaji ushauri, kofia na mafuta ya kukinga jua, wala si makatazo.