MAFUTA YA MWAMBA NA JASHO LA MFANYA KAZI



Mara nyingi twaulizwa na madereva, na watu wa bandarini, na akina mama wanaopikia mafuta ya taa: kwa nini bei ya mafuta hupanda na kushuka bila sisi kuulizwa neno? Jawabu moja kubwa liko Marekani, katika majimbo ya Texas na North Dakota, na yafaa kila mwanachama alijue.

Huko yako mafuta yaliyofungwa ndani ya mawe magumu, kama maji yaliyonywewa na tofali. Tangu zamani yalijulikana, lakini kuyatoa kulikuwa ghali mno. Baadaye mafundi wakajua kuchimba kwenda chini, kisha kupinda na kwenda ubavuni mbali sana, halafu kusukuma maji, mchanga na dawa kwa nguvu nyingi mpaka mwamba upasuke. Mwaka 2008 Marekani ilitoa mapipa milioni 5 hivi kwa siku. Mwaka 2018 ilizipita Urusi na Saudi Arabia ikawa ya kwanza duniani, na mwaka 2023 ilikaribia mapipa milioni 13 kwa siku.

Ugomvi haukukosa kuja. Mwezi wa Novemba 2014 nchi za OPEC, ambacho ni chama cha nchi zinazouza mafuta, zilikutana Vienna zikakataa kupunguza mafuta yao. Bei iliyokuwa zaidi ya dola 100 kwa pipa katikati ya mwaka ule iliporomoka hata chini ya dola 30 mwanzo wa 2016. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Watu waliohama makwao kufuata kazi Texas na North Dakota waliachishwa kwa maelfu. Hata hapa Kenya, kazi ya mafuta ya Turkana, yaliyogunduliwa mwaka 2012, ilipunguzwa mwendo, na vijana waliotazamia ajira wakabaki kungoja.

Hatukatai kwamba petroli ilishuka bei wakati ule hata kwetu. Lakini nafuu hiyo haikuwa mikononi mwetu. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kiliacha kusafisha mwaka 2013, nasi hununua nje mafuta yaliyokwisha safishwa, tena kwa dola. Mwaka 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine, bei ilipita tena dola 100, na nauli na unga vikapanda pamoja nayo.

Sasa tazameni jambo hili, maana ndilo kubwa. Mafuta ya Marekani yamerudi na kuzidi yale ya 2014, lakini kazi zote hazikurudi. Matajiri walitumia miaka ya shida kujifunza kutoa mafuta mengi kwa watu wachache. Bei iliposhuka, mfanya kazi aliachishwa. Ilipopanda, mashine ilikuwa imekwisha kukaa mahali pake.

Twasema basi: tusingoje siku ya shida ndipo tutafute karatasi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 40, yamtaka tajiri anayepunguza watu akupe chama na ofisa wa kazi taarifa ya mwezi mmoja au zaidi, na kumlipa kila aondokaye mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka aliotumika. Hicho ndicho kiwango cha chini, wala si mwisho wa haki. Mapatano yetu yaweza kuomba zaidi: malipo makubwa kuliko hayo, mafunzo ya mashine mpya kwa watu waliomo kazini, na posho ya nauli inayofuata bei ya mafuta.

Bei ya pipa hatuwezi kuipanga. Mapatano yetu twaweza. Kila tawi na lisome mapatano yake mwezi huu, liyalete mapungufu yake ofisini kabla ya mazungumzo mapya kuanza.

Umoja ni nguvu.