Ala ya Kisu: Kwa Mkono au kwa Cherehani?

Kila panapotajwa utamaduni wa taifa, wengi wetu hukimbilia kufikiri ngoma, mavazi na nyimbo. Ni nadra mtu kusimama kikaoni na kusema kwamba utamaduni wetu umo pia katika sindano, katika uzi uliopakwa nta, na katika ngozi iliyokunjwa ikashonwa ili ihifadhi kisu. Sisi tunasimama kusema hivyo. Tunataka kuzungumza juu ya ala, na juu ya swali linalowagawa walimu wa kazi za mikono, mafundi na vijana wanaojifunza kwao: je, ala ya kisu ishonwe kwa mkono au kwa cherehani?

Msomaji asicheke akidhani kwamba jambo hili ni dogo. Mkulima, mfugaji, mchinjaji na mkata mkonge wote hula kwa kisu. Kisu kisicho na ala njema humgeukia mwenyewe. Katika shule moja tuliyopata kuitembelea, tulimkuta mwanafunzi aliyefungwa kitambaa pajani. Alikuwa na ala mpya, nzuri ya kutazama, iliyoshonwa kwa cherehani. Siku ya kwanza, alipokuwa akichomeka kisu, makali yaliugusa uzi yakaukata mahali pamoja. Siku ya pili mshono ukawa umefumuka kiasi cha vidole vitatu. Siku ya tatu aliinama kumfunga mbuzi, kisu kikatokeza ubavuni mwa ala na kumchana. Tulipouliza kwa nini ala ile haikushonwa kwa mkono, tuliambiwa kwamba kushona kwa mkono ni mambo ya kizamani, na kwamba shule inawaandaa vijana kwa maendeleo.

Kauli hiyo ndiyo tunayoipinga. Tunaipinga kwa sababu haikutokana na kuchunguza kazi yenyewe. Imetokana na kasumba ya kudhani kwamba kila kilichopita katika chuma ni bora kuliko kilichopita mkononi.

Kwanza na tutazame kazi ilivyo. Cherehani hushona kwa nyuzi mbili. Uzi wa sindano hutoka juu, na uzi wa bobini hutoka chini. Nyuzi hizo hukutana katikati ya unene wa kitu kinachoshonwa, zikashikana, kisha kila mmoja hurudi upande wake. Uzi wa juu hauvuki kwenda chini, wala wa chini hauvuki kwenda juu. Kila mmoja unamtegemea mwenziwe. Basi uzi wa upande mmoja ukikatika, ule wa pili hauna tena cha kuushika, na ukivutwa hutoka.

Fundi wa ngozi ashonaye kwa mkono hufanya vingine. Huchukua uzi mmoja mrefu, akaupaka nta ya nyuki, akatia sindano kila ncha. Hutoboa tundu kwa msharasi, kisha sindano zote mbili hupita katika tundu lile lile, moja ikitoka kulia na moja ikitoka kushoto. Huvuta mikono yote miwili kwa nguvu sawa, akaenda kwenye tundu linalofuata. Kwa hiyo, kila tundu limepitiwa na nyuzi mbili, na kila moja imeshona urefu wote wa ala kwa nguvu zake yenyewe. Mmoja ukikatika, mwenziwe bado umeshika, na nta huzuia hata ule uliokatika usiteleze.

Hatumtaki msomaji atuamini kwa maneno matupu. Mwalimu na achukue vipande vinne vya ngozi, kila kimoja urefu wa sentimita 15. Viwili avishone pamoja kwa cherehani, viwili kwa sindano mbili. Kisha achukue wembe, akate uzi katikati ya kila mshono, upande mmoja tu, na awape wanafunzi wavute. Somo hilo halitahitaji hotuba. Darasa litaona kwa macho yake ni mshono upi uliofumuka na upi ulioshika, na tangu siku hiyo hakuna mwanafunzi atakayeita kushona kwa mkono ujinga.

Wapo watakaosema kwamba tunaichukia mashine. Hatuichukii. Elias Howe wa Marekani alipopata haki ya uvumbuzi wa cherehani yake mwaka 1846, aliwapunguzia watu wengi taabu ya kukesha na sindano, na hakuna mwenye akili atakayetaka sare za wanafunzi mia tano zishonwe kwa mkono. Twajua pia kwamba zipo mashine nzito zilizoundwa kwa ajili ya ngozi nene, na chama cha ushirika kilichopata kazi ya kushona mikoba elfu kinafanya vyema kuzitumia. Lakini nguo haina makali ndani yake. Ala inayo. Kila siku kisu huingia na kutoka, na kila safari huweza kuugusa uzi. Kitu kinachoishi jirani na makali chataka mshono usiokufa kwa jeraha moja.

Na wazee wetu hawakuridhika na mshono peke yake. Fundi mwangalifu hutia ukanda mwembamba wa ngozi kati ya kuta mbili za ala, upande wa makali, akashona vyote vitatu pamoja. Hivyo makali hukutana na ukanda kabla ya kukutana na uzi. Hapo tena cherehani ya kawaida, iliyoundwa kwa kitambaa, hushindwa: unene umezidi, sindano huvunjika au huruka mishono.

Tazameni pia sime ya Wamasai. Ala yake ina mbao mbili nyembamba ndani, zilizovikwa ngozi na kupakwa rangi nyekundu. Ngozi mbichi hushonwa ingali na maji, na ikikauka hujikunja na kubana ilichovikwa kuliko gundi. Aliyegundua jambo hilo hakuwa na maabara, lakini alikuwa na elimu. Alijua tabia ya ngozi ikiwa na maji na ikiwa kavu, akaitumia. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Tukimfundisha kijana kwamba sime ni pambo la picha za watalii, bila kumfundisha kwa nini ala yake haifumuki, tumempa ganda na kumnyima kiini.

Ajabu ni kwamba wale wale tunaodhani tunawaiga kwa kudharau mkono hawakuudharau mkono wao. Katika mji wa Walsall, Uingereza, unaosifika kwa matandiko ya farasi, mafundi wameendelea kushona kwa mkono sehemu zinazobeba uzito. Nyumba ya Hermès ya Paris, iliyoanza mwaka 1837 kwa kutengeneza vifaa vya farasi, hushona mikoba yake kwa sindano mbili na uzi uliopakwa nta, na matajiri wa dunia huilipia bei ambayo kwetu ingenunua kundi la ng'ombe. Basi mshono ule ule ukishonwa Paris huitwa ustadi, na ukishonwa chini ya mwembe huitwa ushamba! Tofauti iko wapi, kama si katika macho yetu wenyewe?

Tumekwisha kulipa gharama ya macho hayo. Kiwanda cha viatu kilichojengwa Morogoro katika miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia kilikusudiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, nyingi zikauzwe nje. Hakikuwahi kufikia hata sehemu ya kumi ya uwezo wake, na mwaka 1990 kazi ilikoma. Mashine zilikuwapo, lakini hata jengo lenyewe halikufaa hali ya hewa yetu. Hatusemi kwamba sindano mbili zingekiokoa kiwanda kile. Twasema kwamba mashine hustawi pale inapoukuta ujuzi wa ngozi umekwisha kuota mizizi kwa watu, na mizizi hiyo hupandwa mkononi.

Lakini tusije tukamlaumu mmoja tukamsahau wa pili. Upo upande mwingine wa ugonjwa huu. Wapo wauzaji wanaosimama kando ya barabara na ala zilizoshonwa kwa mkono kwelikweli, lakini kwa uzi usio na nta, matundu yakipishana kama meno ya mzee, na ndani hamna ukanda wa kulinda mshono. Ukiwauliza, watakwambia kwamba hiyo ni kazi ya asili. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Neno "asili" si leseni ya uzembe. Mshono mbaya wa mkono ni mbaya kuliko mshono mzuri wa cherehani, na anayeuuza kwa jina la utamaduni anautukana utamaduni mara mbili: kwanza kwa kazi mbovu, kisha kwa kuisingizia jadi.

Kwa hiyo, hatutetei mkono kwa kuwa ni wa zamani. Twautetea kwa kuwa, katika kazi hii, una sababu. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, hakutaka tuchukue kila cha kale kama kilivyo, bali tuchague kilicho bora na tukifanye fahari yetu. Na mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, alizitaka shule ziache kuwafanya vijana waione kazi ya mikono kuwa ni aibu. Kuchagua kunahitaji kujua. Asiyejua kwa nini mshono unashika hawezi kuchagua. Anaweza tu kuiga, ama wazee wake, ama wageni.

Walimu wa shule zetu wana nafasi ya kulirekebisha jambo hili, na gharama yake ni ndogo. Nchi hii ni miongoni mwa nchi za Afrika zenye ng'ombe wengi. Magome ya mkoko yalisafirishwa nje kwa miaka mingi kutoka Rufiji kwa ajili ya kutengenezea ngozi, na miwati ya Njombe ilipandwa kwa kazi hiyo hiyo. Nta ya nyuki tunayo. Kinachotakiwa ni sindano mbili, msharasi mmoja, na fundi viatu wa jirani aalikwe darasani kama mwalimu, aketi kitini, aitwe fundi kwa heshima. Kila mwanafunzi na ashone ala moja, aikate mshono mmoja kwa makusudi, aivute, aone. Kisha aende kwenye cherehani akiwa anajua inafaa wapi na haifai wapi.

Mwacha mila ni mtumwa, wamesema wahenga. Nasi twaongeza: ashikaye mila bila kuijua sababu yake naye hayuko mbali na utumwa huo. Kijana anayetembea na kisu kiunoni katika ala aliyoishona mwenyewe, akiweza kueleza kila uzi umepita wapi na kwa nini, huyo amevaa utamaduni wa taifa lake. Na paja lake ni zima.