Heshima kwa Mlinzi Aliyekubali Mipaka

Kila ifikapo Siku ya Jamhuri, tarehe 12 Desemba, Rais huwatunuku nishani Wakenya waliolitumikia taifa, na miongoni mwao hawakosi wakuu wa majeshi na wa usalama. Sisi tuliodai mfumo wa vyama vingi huyasikia majina hayo kwa moyo uliogawanyika. Twajua kwamba nchi haiwezi kukaa bila walinzi. Hatujasahau pia zama ambapo Maaskofu Henry Okullu, Alexander Muge na David Gitari, pamoja na Kasisi Timothy Njoya, walihubiri wakijua kwamba serikali imetega sikio kanisani. Je, waliopelelezwa waweza kumheshimu mkuu wa ujasusi? Twajibu kwamba waweza, lakini kwa kipimo kimoja tu: alikubali kuwekewa mipaka?

Tuchukue mfano wa Brigedia Wilson Boinett, afisa wa jeshi aliyekabidhiwa ujasusi wa nchi mwaka 1995. Urithi alioupokea ulikuwa mzito. Kile kikosi cha polisi kilichojulikana kama Special Branch, na ambacho baadaye kilibadilishwa jina, kilikuwa kimeongozwa na James Kanyotu tangu mwaka 1965 hadi 1991. Katika miaka ya 1980, hasa wakati wa msako wa Mwakenya, wananchi walifungiwa katika vyumba vya chini vya Jumba la Nyayo jijini Nairobi. Walivuliwa nguo, wakapigwa, wakasimamishwa ndani ya maji, kisha wakafikishwa mahakamani ili wakiri makosa ambayo wengi wao hawakuyatenda.

Ubaya wa mpango ule haukuwa ukatili wa watu wachache pekee. Sikio, pingu na jela vilishikwa na mkono mmoja. Aliyesikia uvumi ndiye aliyekamata, na aliyekamata ndiye aliyehoji. Mtu wa namna hiyo hana haja ya kutafuta ushahidi, kwa kuwa maumivu ya mahabusu humpatia kila jibu analolitaka. Wala hakuna awezaye kumwambia kwamba alisikia vibaya.

Mwaka 1997 wananchi walidai mabadiliko ya sheria. Tarehe 7 Julai mwaka huo askari wa serikali waliwafuata watu hadi ndani ya Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, Nairobi, wakawapiga mbele ya madhabahu. Damu ile haikumwagika bure. Mwaka 1998 Bunge lilipitisha sheria iliyouondoa ujasusi mikononi mwa polisi na kuunda idara mpya, NSIS, ambayo Boinett alikuwa Mkurugenzi Mkuu wake wa kwanza. Chini ya sheria hiyo jasusi alibaki na kazi ya kukusanya habari na kuishauri serikali. Uwezo wa kumkamata raia aliupoteza. Akitaka mtu ashikwe, sharti awaridhishe polisi, nao polisi sharti wamridhishe hakimu.

Hapo ndipo heshima inapostahili. Ni wakuu wachache wanaopunguziwa nguvu wakaendelea kutumika kwa utii. Askari wa kweli hufunzwa kwamba lindo si mali yake. Zamu ikiisha, humkabidhi mwenzake bunduki na kuondoka. Tarehe 27 Desemba 2002 Wakenya walikiondoa KANU madarakani kwa kura, na siku tatu baadaye Mwai Kibaki akaapishwa katika Uhuru Park. Mkuu wa ujasusi alikuwa yuleyule aliyeteuliwa na Rais Moi. Hakuna kifaru kilichotoka kambini, wala kura iliyobatilishwa kwa jina la usalama. Rais mpya alimbakiza kazini, naye akastaafu mwaka 2006. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Lakini nishani si maji ya kuoshea historia. Akiwa kazini, machafuko ya Likoni yalizuka Agosti 1997. Bomu la tarehe 7 Agosti 1998 liliua watu 213 hapa Nairobi, na tarehe 28 Novemba 2002 magaidi wakashambulia hoteli ya Kikambala. Mlinzi huulizwa habari za yale aliyoyaona na yale yaliyompita. Aidha, manusura wa Jumba la Nyayo, ambao baadhi yao walipewa fidia na Mahakama Kuu mwaka 2010, ni watumishi wa umma kwa namna yao. Mateso yao ndiyo yaliyoifundisha nchi kwa nini jasusi hapaswi kushika pingu. Taifa linalomvalisha jenerali nishani na kumwacha manusura akizunguka ofisini na hukumu mkononi halijajua bado maana ya utumishi.

Baada ya Boinett, idara iliongozwa na maafisa wengine wawili wa jeshi, Meja Jenerali Michael Gichangi na Meja Jenerali Philip Kameru, hadi mwaka 2023. Katikati ya kipindi hicho wananchi walijipatia Katiba ya mwaka 2010. Kifungu cha 238 chataka usalama wa taifa ulindwe kwa kufuata sheria na kuheshimu haki za binadamu. Kifungu cha 239 chakataza vyombo vya usalama kukitumikia chama chochote cha siasa, na chaviweka chini ya mamlaka ya kiraia. Yaliyokuwa madai yetu ya barabarani sasa ni sheria kuu ya nchi.

Hata hivyo, baada ya maandamano ya vijana ya Juni 2024, Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilihesabu watu 82 waliotekwa nyara hadi kufikia Desemba mwaka huo. Walichukuliwa na watu wasiovaa sare wala kujitambulisha. Ikiwa mpaka uliochorwa mwaka 1998 wafutwa usiku na mikono isiyojulikana, basi hata sifa za waliouheshimu zafutika pamoja nao.

Kwa hiyo twawasihi wachungaji, waumini na wanaharakati: msikatae kumheshimu askari aliyetumika ndani ya sheria, kwa maana kumnyima haki yake ni kuwaambia walio kazini leo kwamba wema na uovu vina malipo sawa. Bali kila nishani inapotolewa, ulizeni kwa sauti: raia wangapi walichukuliwa wakati wa zamu yake, na ni nani aliyeulizwa? Atakayeweza kujibu bila kuinamisha kichwa, huyo tutamsimamia na kumpigia makofi.