Watoto Wadogo Katika Sala

Mwezi uliopita tulisali katika kanisa moja la huku kwetu Songea. Padre alipoanza kuhubiri, mtoto akalia mgongoni mwa mamaye, na mzee mwenye fimbo akamwashiria yule mama atoke. Akatoka, akaketi chini ya mwembe hata Misa ikaisha. Jumapili iliyofuata hatukumwona, wala ile ya pili. Jambo hili limetuhuzunisha, nasi twawauliza ninyi wazazi na walimu: je, mtoto ni mgeni katika nyumba ya Mungu?

Na tuwatazame Wayahudi, ambao Bwana wetu alilelewa katika desturi zao. Usiku wa Pasaka, mtoto aliye mdogo kuliko wote mezani ndiye aulizaye kwa nini usiku huu si kama usiku mwingine, kwa nini mkate hauna chachu, kwa nini mboga ni chungu. Akiisha kuuliza, ndipo wakubwa wasimuliapo habari ya kutoka Misri. Tena kipande cha mkate ule hufichwa, na watoto hukitafuta wapate zawadi. Wala karamu haimaliziki kipande kile kisipoliwa. Hivyo mtoto hasinzii. (Nasi tulio wakubwa, tusinziao wakati wa mahubiri, tungefichiwa nini?)

Katika sinagogi vilevile. Siku ya kuifurahia Torati, wanapoyamaliza masomo ya mwaka, huwaita mbele watoto wote, hata wale wasiotimiza miaka 13, umri ambao mvulana huhesabiwa mtu mzima katika sala. Wakubwa huwatandia juu ya vichwa shuka ya sala kama hema, na baraka husomwa.

Wala habari hizi si za nchi za mbali tu. Huko Uganda, karibu na Mbale, wako Abayudaya, watu wa Semei Kakungulu, aliyeishika dini ya Kiyahudi mwaka 1919, akatahiriwa yeye na wanawe. Alikufa mwaka 1928. Katika miaka ya 1970 Idi Amin aliipiga marufuku dini yao, wakasali kwa siri, wengi wakaiacha. Leo wana sinagogi zao, na zaburi waziimba kwa Kiganda. Sisi twafikiri hivi: dini iliyofungiwa majumbani ingalidumuje, kama watoto hawakuijua?

Basi mtoto apewe kazi. Mmoja abebe kikapu cha sadaka, mwingine agonge kengele, wadogo wafundishwe kiitikio kimoja tu, wakingoje zamu yao. Akina mama wenye watoto wachanga waketi karibu na mlango, apate kutoka apendaye, si afukuzwaye.

Yule mama tumekusudia kumwendea Jumamosi hii pamoja na mke wa katekista. Mzee naye amekubali kufuatana nasi, bila fimbo.