Msimpime kwa dagaa wa giza

Wazazi wangu na dada zangu wa Mpanda,

Huku Leicester maneno ya nyumbani hayachelewi kutufikia. Nimesikia kuna mama wa Makanyagio, analea watoto peke yake, na watu wanataka jina lake litolewe kwenye orodha ya kaya maskini zinazosaidiwa na TASAF kwa sababu ameanza kuuza dagaa wa Karema. Nimeumia.

Biashara hiyo mnaijua. Wakati wa giza wavuvi wanawasha taa ziwani, mzigo unapatikana, na mama anaonekana sokoni na viroba vyake. Mbalamwezi ikitoka, dagaa wanaadimika, na mtaji wenyewe unaliwa nyumbani. Ukimkuta wiki ya giza utasema ametajirika. Rudi wiki mbili baadaye: ni yule yule mliyemtaja wenyewe kwenye mkutano wa hadhara kuwa hana kitu.

Mimi pia nalea peke yangu, kazi yangu kutunza wazee. Nilipoanza kazi, msaada wa serikali ya huku, Universal Credit, haukukatwa siku moja. Mwenye mtoto anaachiwa kwanza sehemu ya mshahara isiyoguswa. Zaidi ya hapo, kila pauni inapunguza msaada kwa peni 55. Mwezi nikikosa zamu, msaada unapanda tena. Dhiki zipo: malipo ya mlezi wa mtoto natanguliza mwenyewe, na kinachorudi hakizidi asilimia 85. Ila sijakataa zamu kwa kuogopa kupoteza kila kitu.

Najua fedha za TASAF ni chache, na wapo wanaosubiri nafasi hiyo. Sikatai mtu kuhitimu, yaani kutoka kwenye mpango huo. Lakini ahitimu akiwa amesimama. Mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile asilimia 4 ya wanawake, inataka kikundi, basi dada zangu mpokeeni mama huyo kwenye kikundi chenu kwanza. Nanyi wenyeviti wa mitaa, dodoso la TASAF likija, elezeni anavyoishi mwaka mzima: masika njia zikiharibika mzigo haufiki, na Januari elimu bila ada haimnunulii mtoto sare wala viatu.

Tena watoto wa mama huyo wana baba, mzima, na anajulikana alipo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka atoe matunzo, na Ustawi wa Jamii wapo. Mbona katika maneno yote niliyoletewa, jina lake halikutajwa?

Binti yenu,
Leicester, Uingereza