INJINI IKISHUKA, USIIPANDISHE NA SILI KUUKUU

Mshikaji, pita gereji za Kiwalani uone: Fuso kichwa kimeinamishwa, injini inaning'inia kwenye cheni. Tajiri anataka ringi za pistoni tu, gari iingie njiani kesho. Fundi akitaja sili ya nyuma ya krenki anaambiwa, "Hiyo achana nayo!"

Ubahili wa kijinga huo. Sili hiyo imejificha nyuma ya flaiwili. Ikianza kuvuja, oili inalowesha klachi, klachi inateleza, na lori na shehena yake linagoma katikati ya mlima Kitonga. Gia boksi lishuke tena, fundi alipwe tena, na mwenye mzigo anakudai.

Pleti ya klachi ikiwa imelika hadi karibu na ribiti, weka mpya pamoja na rilisi beringi. Kagua meno ya flaiwili yanayoshikwa na stata. Raba za kukalia injini zimepasuka? Toa. Lakini pampu ya dizeli isiyo na ugonjwa usiiguse, hata fundi akuimbie (ana rafiki yake mpimaji huyo!).

Dukani Gerezani nenda na sili ya zamani mkononi, mlinganishe kabla hujatoa pesa.